Alama Tatu za Tupa

Nilikuwa fundi saa pale Mwanga, Kigoma, kwa miaka mingi, na kazi ya saa humfundisha mtu kushuku. Kila anayekuletea saa anakwambia imesimama yenyewe. Hakuna anayekiri kwamba aliiangusha, au alioga nayo ziwani, au alimpa mtoto aichezee. Ukiifungua unakuta mchanga. Ukishakaa na watu wa namna hiyo tangu ujana wako, hata mtu akikusalimu vizuri unajiuliza anaficha nini. Mke wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba siku ya ndoa yetu, kule kwetu Kalinzi, nilimkagua padri kama mtu aliyeleta saa ya kuazima. Ni uongo, ila si uongo mkubwa sana.

Sarafu ndizo zilizonizidishia ugonjwa huo. Nilikuwa nakusanya sarafu za kale za Waingereza, zile zilizopigwa kwao hasa. Zile za kitundu za Afrika Mashariki sikuzitaka, kila bibi alikuwa nazo kwenye sanduku. Nilizozitaka zilifika Kigoma moja moja, kwenye mifuko ya askari wa vita vya zamani, ya wamisionari, ya mafundi waliokuja kuunga meli. Ya kwanza niliikuta ndani ya saa ya mfukoni, imewekwa chini ya mashine ili mashine isicheze. Ilikuwa kisarafu cha shaba, na upande mmoja kuna ndege mdogo amesimamisha mkia. Nilimtazama ndege yule kwa lenzi yangu ya jichoni mpaka mwenye saa akaniuliza kwa hofu kama saa yake imekufa.

Baadaye nikapata peni yenye mama aliyeketi, kashika mkuki wa meno matatu. Upande mmoja wa mama yule kuna mnara wa taa wa baharini, mdogo kuliko punje ya mtama, na upande wa pili kuna meli yenye tanga. Kwenye peni nyingi mnara huo umeshafutika kwa vidole vya watu. Kwenye yangu ulisimama mzima, na meli ilikuwa na kamba zake. Nilikuwa naweza kuitazama mpaka chai ipoe. Kuna mtu aliyekaa mahali fulani akachonga kitu kidogo namna ile, akijua kwamba karibu watu wote hawatakiona. Mimi nilikiona, hapa Kigoma, na nilijivunia jambo hilo kuliko hata nyumba niliyojenga.

Kilichoniumiza ni watu kuzisafisha. Mtu anasikia nanunua sarafu, anakwenda kuisugua kwa majivu na limau, kisha ananiletea kitu kinachong'aa kama kijiko kipya, sura yote imekwenda na maji. Nilishawahi kumfokea mzee wa watu mpaka akakaa chini. Sarafu ya kale ina ngozi yake, na ukiichuna ngozi umebaki na chuma tu.

Mtaani hawakunielewa. Siku zile kulikuwa na uvumi kwamba sarafu za zamani zina zebaki ndani, kwamba ya kweli huvuta njiti ya kiberiti, kwamba kuna Mzungu Dar es Salaam anabadilisha moja kwa gari zima. Kwa hiyo aliyesikia habari zangu alichagua kati ya mawili: ama mimi ni tajiri wa siri, ama mimi ni mchawi. Niliwaacha waamini la pili, maana mchawi haibiwi.

Matapeli nao hawakukosa. Walikuwa wanayeyusha risasi ya betri za magari na kuimimina kwenye udongo, wakapata malkia mwenye uso wa chapati. Mimi nilikuwa nadondosha kila sarafu juu ya kipande cha kioo. Ya fedha inaimba, ya risasi inasema "po" na kunyamaza. Halafu unatazama ukingo, maana ya kumimina huacha mshono. Niliwakamata wengi kwa mtindo huo, na kila niliyemkamata aliniongezea imani kwamba anayefuata naye ni mwizi.

Sasa niieleze ile sarafu yenyewe. Miaka michache kabla wakimbizi hawajajaa, alinijia mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la kanga yake. Kabla hajalifungua akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu nimekipata wapi. Nikaapa, maana nilikuwa nimeshaona pindo lile limelemewa na kitu kizito.

Kwao kulikuwa na utaratibu. Mwanamke akifa, nguo aliyofia anachukua mwosha, hakuna anayegombana naye. Lakini hirizi ni jambo lingine. Ikikutwa mwilini mwa marehemu inakatwa, inapewa mwosha akaizamishe ziwani, na haifunguliwi, maana ukiifungua unajiitia kile ilichokuwa inakizuia. Marehemu huyo alikutwa na kifuko cha ngozi kiunoni, kimeshonwa pande zote, cheusi kwa jasho la miaka. Nyumba nzima ilisema ni hirizi. Mwosha naye aliamini hivyo, mpaka alipofika ufukweni akaona ni kizito mno kwa karatasi ya maandishi. Akakifungua. Ndani hakukuwa na dua wala mizizi. Kulikuwa na malkia.

"Alikuwa nani marehemu?" nilimuuliza.

"Hilo usiniulize, fundi. Wenyewe wanajua iko majini."

Sikuuliza tena. Ilikuwa krauni, sarafu kubwa ya fedha ya shilingi tano za Kiingereza, na kile kifuko kilikuwa kimeitunza kuliko benki yoyote. Malkia alikuwa mtu mzima, amevaa shela lililoshuka mpaka mabegani na taji dogo limekaa juu yake. Ungeweza kuona shela linavyokunjika nyuma ya sikio. Ungeona mfuko wa nyama chini ya jicho lake, na mdomo wa bibi aliyechoka kuamkiwa. Upande wa pili kulikuwa na mpanda farasi mwenye kofia ya chuma, farasi wake anamkanyaga joka, na kila msuli wa farasi umekaa mahali pake. Kasoro ilikuwa moja tu. Kwenye ukingo, palipo na maandishi yaliyoinuka, mtu alikuwa amepitisha tupa mara tatu. Alama zilikuwa za mshazari, mbili za kina na ya tatu nyepesi, kama tupa iliinuliwa kabla haijamaliza. Nilimlaani aliyefanya hivyo. Hata hivyo hiyo ndiyo ilikuwa sarafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika, na nilimwonyesha mtu mmoja tu, mke wangu, tena akiwa anapika.

Kisha ikaja ile miaka. Kwanza walivuka wa Burundi, baadaye wa Kongo, kwa mitumbwi na maboti ya injini. Soko la Mwanga likajaa vitu vilivyotoka majumbani mwa watu: vichwa vya cherehani visivyo na meza, redio, masufuria yenye masizi ya jiko lililoachwa juzi. Saa za ukutani ndizo zilizonifikia mimi. Niliwaonea huruma, ndiyo, lakini nikisema huruma ndiyo iliyotangulia nitakuwa nadanganya. Lililotangulia kila mara lilikuwa swali: hiki ni cha nani, na huyu amekipataje?

Jumatatu moja, jua la saa sita, mwanamke alisimama mbele ya meza yangu.

"Jambo, baba. Ni wewe fundi mwenye iko na makuta ya zamani ya Waingereza?"

"Nani kakwambia?"

"Watu ya soko."

"Watu wa soko wanasema mengi. Mimi natengeneza saa."

Hakuondoka. Alifungua fundo kwenye kona ya kitenge chake na kuweka kitu juu ya kitambaa changu, katikati ya skrubu na vioo. Ilikuwa krauni. Malkia yule yule, shela lile lile.

"Siuzishi, baba. Angalia tu."

Niliivuta lenzi. Yeye akawa anaeleza juu ya kichwa changu, taratibu, kama mtu aliyeeleza habari hiyo sehemu nyingi. Baba yao alikuwa mhunzi wa maboti kule ng'ambo ya ziwa, akimfanyia kazi Mwingereza mmoja. Mwingereza alipoondoka alimpa sarafu mbili za namna moja. Baba yao alikuwa na mabinti wawili. Akazibana zote mbili pamoja kwenye jiliwa, mgongo kwa mgongo, akapitisha tupa mara tatu kwenye ukingo ili mkato mmoja uzikate zote mbili, kisha akampa kila binti yake. Ukizipanga tena, mistari inakutana.

"Alisema: mukipotezana, ile ndiyo itawaonyesha. Dada yangu mukubwa aliolewa huku Ujiji, kitambo sana. Alibadili dini, akabadili jina, na hiyo jina siijue. Nimezunguka Ujiji siku mbili. Wanasema: mama, waliotoka ng'ambo ni wengi, sisi tutamjua yupi?"

Wakimbizi walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja karibu na ziwa. Wote tulijua utaratibu. Mwenye ndugu mjini, ndugu akija kusimama mbele ya wakubwa na kusema huyu ni wangu, aliachwa aende naye. Asiye na mtu alisubiri malori ya kwenda kambini, na malori yale yangekuja Alhamisi. Yeye alikuwa peke yake. Hakusema wengine wake wako wapi, nami sikumuuliza.

"Wakaniambia kuko fundi, sarafu zote za mji huu zinapita kwake. Nikasema, kama dada yangu iko hai ama amekufa, ile kitu yake fundi ameiona. Uiweke hii juu yake, baba. Utaona yenyewe."

Nilikuwa nimeshaona. Alama zilikuwa tatu, za mshazari, mbili za kina na moja nyepesi. Ndani ya mikato kulikuwa na uchafu mweusi wa miaka mingi, na mikato ya jana huwa inang'aa. Hakuna tapeli Kigoma nzima aliyekuwa na uwezo wa kuzeesha mkato namna ile. Kwa ufundi wangu wote nilijua kwamba mwanamke huyu anasema kweli, na nataka niliandike hili waziwazi, nisije nikajificha nyuma ya kutojua.

Lakini moyo wangu ulikuwa na mahakama yake. Uliuliza: alama hizo amezijuaje, kama hakuna aliyemweleza? Nani ameiona ya kwangu? Nikikubali kwamba ninayo, si atasema ni mali ya familia yao, aje na askari? Na askari akiniuliza nimeipata wapi, nimtaje mwosha niliyemwapia? Na nikishaitoa ili zipangwe pamoja, itarudi mkononi mwangu kweli? Maswali yote haya yalikuja haraka na yote yalikuwa na akili. Chini yake kulikuwa na jambo moja tu, kwamba sikutaka kuikosa.

"Sijawahi kuiona nyingine kama hii," nikasema.

"Fikiri vizuri, baba."

"Nimeshafikiri."

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nimeishika ya kwake, maana mpanda farasi wake alikuwa safi kuliko wangu, hata hatamu zilionekana. Nikamuuliza kama hataiuza. Aliichukua kwa vidole viwili kutoka kiganjani mwangu, akaifunga kwenye kona ya kitenge, na kusema, "Asante, baba." Kisha akaenda zake kupita kwa washonaji.

Mchana ule nilifunga meza mapema. Nilimkuta mke wangu uani anachambua maharage nikamsimamia.

"Umemwambia nani habari za sarafu yangu kubwa?"

"Ipi?"

"Unaijua."

"Mwanaume wewe, mimi najua hata ziko ngapi? Kuna nini?"

Nikamweleza, hata habari ya mwosha ikanitoka, nikitegemea atashika upande wangu. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo mwenzake unaye wewe, ndani humu."

"Ni mpango huo. Watu wamepanga."

"Mpango wa nini? Amekuomba uipange juu ya ya kwake, basi. Na kama anasema kweli?"

"Kama anasema kweli atapata njia nyingine."

"Njia gani? Dada mtu amekufa, na aliyekuuzia si ndiye aliyemwosha? Wewe unajua amekufa, yeye anazunguka na jua anamtafuta."

Nilimwambia asinifundishe kazi. Akabeba ungo wake akaingia ndani, na siku mbili zile alizungumza nami kwa "ego", ile ndiyo ya kwetu, na "hapana" tu.

Jumanne nilifanya kazi ovyo. Nilirudisha saa moja kwa mwenyewe ikiwa inakwenda nyuma. Kulikuwa na mtu amesimama ng'ambo ya barabara na sigara asiyoiwasha, nikaamini ni askari kanzu, kumbe anasubiri basi dogo la Mwandiga. Nilitoa mkebe wa sarafu kwenye sanduku la nguo nikauzika kwenye gunia la maharage. Krauni nikaitia kwenye soksi na kutembea nayo, maana sasa hata nyumba yangu sikuiamini. Ilinichubua kisigino, na nikachechemea soko zima.

Jumatano asubuhi nikaenda Ujiji kwa yule mwosha. Sikuendeshwa na huruma. Nilikwenda kumkamata. Nilikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyetoa siri, na nilitaka kumwona akijikanyaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Kuna msiba?"

"Umemsimulia nani kile ulichoniuzia?"

Alikuwa anapepeta mchele. Alisimama mara moja, akafunga mlango wa uani. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa watoto wake. Angemsimulia nani, na mji mzima unajua alikwenda kuizamisha? Wangesema ameiba kwa maiti, na hakuna nyumba ambayo ingemwita tena. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mtu anayedanganya hulinda kitu, na yeye alichokuwa analinda ni ile siri yenyewe. Hapo ndipo mashtaka yangu yote yalipoanguka.

"Sasa niambie alikuwa nani."

"Alikuwa mtu wa ng'ambo, alikuja kuolewa hapa. Ameacha binti, huyo anayeuza mawese karibu na soko, kwenye kona ya fundi baiskeli." Akajifuta uso kwa kanga. "Siku zile za mwisho alikuwa anakishika kile kifuko anasema mdogo wake atakuja na mwenzake. Anakuja na mwenzake, anakuja na mwenzake. Sisi tukasema ni homa. Tukamkaribisha mdogo mtu na huyo mwenzake kwa maneno tu, ili atulie."

Nilitoka pale bila kuaga. Nilipanda pikipiki mpaka uwanjani kwa wakimbizi, soksi inaniuma, nikijiambia kwamba malori ni kesho, malori ni kesho. Kulikuwa na mahema ya plastiki, moshi, na foleni ya ndoo. Niliuliza kwa kila mtu: mama mmoja, yuko peke yake, ana sarafu kubwa kwenye kitenge. Mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo za mtoto akanijibu.

"Yule tulilala naye mukeka moja. Ameenda asubuhi."

"Ameenda wapi? Malori bado."

"Amerudi ng'ambo. Boti ilitoka Kibirizi na watu wenye wanarudi. Alisema fundi mwenye anazijua zote amesema haiko, basi dada yake hakufikaka huku, ama alipita akaenda mbali. Alisema kambini bila mutu hataweza. Anarudi kutafuta kama kuko mutu alibakia."

Unajua nilichofanya? Sikumwamini. Nilidhani wanamficha, kwamba wameniona nimevaa viatu vizuri wakafikiri mimi ni mkubwa fulani. Nilifunua plastiki yake nikachungulia ndani. Kulikuwa na mkeka na mtoto amelala. Nikashusha plastiki taratibu nisimwamshe mtoto.

Kibirizi walinithibitishia. Boti ilikuwa imeondoka mapema, watu wake ni wachache, na upande wa kule vita havikuwa vimekwisha. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa na sauti yangu mwenyewe, ikisema "sijawahi kuiona," kwa ukavu ule ule wa kuwafukuzia matapeli. Nilikaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa nikaivua soksi. Nilimlilia mtu ambaye juzi yake nilimwita tapeli moyoni, na wavuvi wakaona ni heri waniache.

Sitaki anayesoma asubiri habari njema, kwa hiyo naiandika hapa: hatukumpata. Tulituma salamu kwa kila boti iliyovuka, mwaka huo na miaka iliyofuata. Tulituma maneno kwa wafanyabiashara wa mawese, kwa wauza dagaa, kwa wanaokwenda kuzika. Wengine walirudi na majibu ambayo niliyashuku na kuyachunguza, na yote yalikuwa ya mtu mwingine.

Siku ile ile nilitoka Kibirizi nikarudi Ujiji, mpaka kwenye kona ya fundi baiskeli. Binti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amepanga chupa za mawese juu ya meza, na jua limeingia chupani.

"Shikamoo, mzee. Karibu mawese."

Nikaiweka krauni mbele yake na kumwambia ilikuwa ya mama yake. Aliitazama sarafu, akanitazama mimi, na uso wake ukafunga. Niliujua uso ule. Nilikuwa nauvaa kila siku.

"Mzee, mama yangu hakuwa na sarafu. Alikuwa na hirizi, na hirizi iko ziwani. Unatafuta nini kwangu?"

"Sitafuti kitu. Nimekuletea."

"Watu hawaleti tu. Nani kakutuma?"

Ilibidi niseme yote. Nilivunja tena kiapo changu kwa mwosha, nikamweleza kifuko, nikamweleza babu yake na jiliwa na tupa. Nikamweleza mama mdogo wake, aliyesimama mbele ya meza yangu juzi Jumatatu na sarafu ya pili, na nilichomjibu. Sehemu hiyo nilitaka kuipitisha haraka, lakini yeye alinizuia kwa mkono na kunitaka niirudie, neno kwa neno. Nikairudia. Mteja mmoja alikuja na chupa tupu, akatuangalia, akaondoka.

Binti aliishika sarafu. Hakumtazama malkia hata mara moja, wala farasi. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo mpaka akazikuta zile alama, na hapo akasimama. Akawa anazipapasa, kwenda na kurudi. Nilingoja anitukane. Ningefarijika angenitukana.

"Mama alikuwa akisema ana mdogo wake," alisema mwishowe. "Tukimwomba atuhadithie anasema, atakuja mtamwona wenyewe." Akanyanyua macho. "Yukoje?"

"Alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya njano, chenye maua. Kimechanika kidogo kwenye kona."

"Sikuulizi kitenge, mzee. Yeye. Amefanana na mama? Ni mweusi, ni maji ya kunde? Ana mwanya? Mama alikuwa na mwanya."

Mama mdogo wake alisimama mbele yangu mchana kweupe, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, akaniambia nifikiri vizuri, akaniambia asante. Na mimi muda wote ule nilikuwa nimeinama na lenzi jichoni. Vidole vyake nilivikumbuka, kwa sababu vilikuwa vimeishika sarafu.

"Sema tu, mzee. Hata kidogo."

"Sikumtazama," nikamwambia.